Mahali pa Mafuvu

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini mjukuu wangu yuko chuo cha dini, na nitajisifu mpaka nizikwe. Msichana wa kijiji cha Mghange, anasoma Kigiriki!

Ijumaa Kuu ya juzi tulitoka kanisani tukaketi nyuma ya nyumba kumenya maharagwe. Nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Tangu utotoni, wakisoma kwamba Yesu alipelekwa mahali paitwapo Fuvu la Kichwa, mimi sikuona cha kulia. Zamani kwetu Wataita, mzee akishazikwa na mwili ukaisha, walifukua fuvu lake wakalipeleka pangoni, akae na wazee wenzake. Marehemu babu alinionyesha pango letu kwa mbali. Mtu wa aibu hakuwekwa pale. Basi nikadhani Yesu naye amepewa heshima, amepelekwa kwa wakubwa.

Mjukuu akacheka mpaka maharagwe yakamwagika. "Nyanya! Kumbe miaka yote hiyo unamshangilia?"

"Cheka tu. Kigiriki unajua, kumenya maharagwe hujui."

Akajifuta machozi, akanieleza polepole. Msalaba enzi za Warumi ulikuwa wa watumwa na waasi. Mtu alivuliwa nguo zote, akaangikwa kando ya njia, wapitao wamcheke, mama yake akiona. Akifa, mara nyingi aliachiwa ndege na mbwa. Ndugu waliona haya hata kumtaja.

"Ndiyo maana yule tajiri aliyemwendea Pilato alikuwa jasiri, nyanya. Kuomba mwili wa mtu kama huyo ni kusema mbele ya watu, huyu ni wangu."

Mikono yangu ikasimama.

Baba yake, kifungua mimba wangu, hakufa kwa ajali Mombasa kama nilivyomdanganya. Alipigwa na umati pale Voi, mchana, wakisema ameiba pikipiki. Walimvua nguo. Mwili ulilala mochari wiki nyingi, ukingoja mtu mmoja tu aje aseme ni wake. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Sikwenda. Wakamzika na wale wasio na wenyewe.

Nilimwambia yote, macho yangu kwenye ungo.

Kuku wakaja wakadonoa maharagwe na hakuna aliyewafukuza.

"Walimzika wapi?" Hakusema nyanya.

"Sijui. Ningejuaje, na sikwenda?"

Akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia. Akarudi na leso yangu ya kutokea, akaniwekea mapajani.

"Jumanne ofisi zikifunguliwa tunashuka Voi kuuliza. Wewe ndiye utakayelitaja jina lake pale dirishani. Mimi nitasimama nyuma yako."

Leo ni Jumatatu. Tangu asubuhi niko jikoni, nalijaribu jina la mwanangu kwa sauti. Bado linanikwama.