Farasi wa Baba Hakupandwa

Juzi pale mtaa wa Fedha nilimwona farasi akibeba watoto, nikasikia tena harufu ya nyasi mbichi.

Nilikuwa na miaka saba baba alipofutwa kazi kwenye mazizi ya farasi wa mbio. Alirudi na farasi mmoja, akamfunga nyuma ya nyumba. Farasi alichechemea, mimi nikadhani anacheza ngoma, nikapanda juu ya ndoo ili nimkalie mgongoni.

“Shuka kwa hiyo ndoo, kijana,” baba alisema. “Huyu amebeba watu vya kutosha. Mkune shingo tu.”

Nilimkuna mpaka tukasinzia wote wawili. Sikujua wenye mazizi walitaka kumpiga risasi kwa ajili ya ule mguu mbovu, baba akamchukua badala ya mshahara wake wa mwisho.

Shule sikumaliza. Leo nina nyumba za kupangisha mtaa wa Tassia, duka la chakula cha mifugo na farasi mmoja mzee. Hapandwi na mtu.