Nani Kafunga Bomba la Karavani?

Karavani iko nyuma ya nyumba yetu hapa Bertrams, Johannesburg, kati ya ukuta wa jirani na kamba ya kuanikia nguo. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Aliinunua ili aipeleke familia baharini kila Desemba, na kweli aliipeleka mara mbili, kisha gari la kuivuta likafa na karavani ikabaki palepale ilipoegeshwa. Matairi yameisha upepo na mapazia yamepauka, lakini ndani ina kitanda, jiko dogo la gesi, sinki na bomba lake. Mume wangu anaipenda kupita kiasi. Mimi naipenda wakija wageni tu.

Kila mwaka, kabla baridi haijaanza kuuma, mume wangu huitoa maji. Nikisema hivyo inaonekana kazi ya dakika tano, kumbe ni Jumamosi nzima. Hufunga mpira unaoleta maji kutoka kwenye nyumba, akafungua koki zote za chini, akaacha bomba wazi, kisha akapuliza paipu kwa pampu ya matairi mpaka zikohoe tone la mwisho. Akimaliza hulaza sikio sakafuni asikilize kama kuna maji yaliyojificha. Nilipoolewa nilidhani ni mila ya kwao. Baadaye akanieleza kwamba Juni na Julai Johannesburg inaganda, na maji yakiganda ndani ya paipu huvimba na kuipasua. Baba yake alisahau mwaka mmoja tu, akabadilisha paipu zote.

Mwaka ninaousimulia sasa hatukuitoa maji, kwa sababu mama yangu alikuwa anakuja kulala humo.

Nilikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza nilimzaa wakati wa korona, mipaka imefungwa, mama yuko Dodoma na mimi niko huku. Hakuna aliyenikanda. Hakuna aliyenikorogea uji. Nilijifunga tumbo kwa kanga peke yangu, simu nimeiegemeza kwenye kikombe, mama ananielekeza kutoka kwenye kioo, "Kaza! Kaza tena! Hapo umefunga nini, mzigo wa kuni?" Nilikata simu nikalia mpaka maziwa yakanitoka. Kwa hiyo mimba ya pili niliapa nipate siku arobaini zangu, kamili, mama akiwepo. Wengine wanataka gari. Mimi nilitaka kukandwa na mama yangu.

Shida ni kwamba mama hawezi kulala paa moja na mkwe wake. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anakata kona. Mume wangu naye kwao kuna hlonipha, heshima ya ukwe isiyotofautiana sana na yetu, basi walikimbiana kwa bidii ya pande zote mbili. Mama alivuka ua amejifunika kanga mpaka puani. Mume wangu akimwona tu, anageukia ukuta anasimama. Siku moja walikutana ghafla kwenye kona ya choo cha nje, kila mmoja akageuka haraka arudi kinyumenyume, wakagongana migongo. Mama hakula mchana ule.

Maneno yao yote yalipitia kwangu. "Mwambie mkwe wangu ahsante kwa mkate," mama angesema dirishani, na mkwe mwenyewe yuko hatua tatu anakata kuni. Si kwamba hawaelewani. Mume wangu alizaliwa Morogoro, wazazi wake wakiwa uhamishoni kwa ajili ya siasa, wakarudi huku akiwa na miaka saba. Kiswahili chake ni safi kabisa, ila kilikomea hapohapo, kwenye miaka saba. Ni mtu mzima mwenye ndevu zenye mvi, lakini bosi akimkaripia anarudi nyumbani ananiambia, "Amenionea."

Basi kabla mama hajafika alizifunga paipu za karavani kwa sponji ya godoro kuukuu na suruali yangu ya mazoezi, ambayo sikuulizwa. Kisha akalegeza bomba la sinki kidogo liwe linadondoka mchana na usiku, kwa sababu maji yanayotembea hayagandi upesi. Akanituma nimwambie mama asiliguse. Nikamwambia. Mama akajibu, "Sawa." Mimi nimelelewa na mama huyo, nilipaswa kujua kwamba sawa yake ni ya kumnyamazisha mtu, si ya kukubali.

Ni lazima nieleze kuhusu mama na maji. Kwetu bomba liko mtaani, linatoka siku linapotaka, na mama amebeba madumu ya lita ishirini tangu hajavunja ungo. Sasa, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa na bomba ndani ya chumba anacholala. Alilifuta kwa kitambaa kila asubuhi. Alinionyesha linavyofunguka, kana kwamba mimi sijawahi kuona bomba. Na mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemwambia aliache lidondoke.

Mama alifika, kesho yake nikajifungua, na asubuhi ya tano ya ugeni wake maji hayakutoka. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Mume wangu akatambaa chini ya karavani na draya yangu ya nywele, akapuliza paipu nusu saa, na saa nne, jua lilipopanda, bomba likakohoa likatoka. Siku ya sita vilevile. Siku ya saba vilevile. Aliongeza sponji, akaongeza blanketi, akaongeza sweta yangu. Mama hakusema neno. Alikuja jikoni na sufuria yake, akachota maji ya kunikandia, akarudi. Kunyamaza kwa mama kunanitisha kuliko kelele zake, lakini nilikuwa na kichanga, nikaacha.

Siku ya kumi na moja tulimwita fundi bomba, Mkongo mmoja mpole anayekaa mtaa wa La Rochelle, hapahapa mjini. Aliingia karavani, akatazama sinki, akatoka anatikisa kichwa.

"Mayi iliganda juu mutu alifunga robine," alisema, maana kwao bomba ni robine, na kwa mkono akaonyesha jinsi lilivyokazwa. "Robine ilifungwa nguvu sana! Ni nani anaifungaka?"

Tulikuwa wote uani. Mama amesimama karibu na kamba ya nguo, kanga puani. Mimi nilishamjua mfungaji. Mume wangu alishamjua. Fundi alimtazama mama, akaona mvi zilizochomoza kwenye kanga, akagundua ghafla kwamba ana shughuli kubwa kwenye sanduku lake la vifaa.

"Ni mimi," akasema mume wangu. "Mimi nafunga."

Nilimpenda sana dakika ile, na dakika ileile alituharibia kila kitu. Fundi aliyeyusha paipu, akafungua bomba, akaliacha linadondoka, akaenda zake.

Mchana mama alinikanda kama anafua blanketi.

"Keshokutwa naondoka," alisema. "Mpigie yule dada wa tiketi."

"Mama! Siku arobaini hazijafika hata nusu!"

"Mgeni siku mbili, mwanangu. Mimi nimekaa kumi na moja. Kila asubuhi mkwe wangu ananifungia maji, na leo amesema kwa kinywa chake mbele ya fundi. Kwetu mgeni akinyimwa maji ameshaagwa. Na ni mstaarabu, simlaumu, hakunifukuza kwa maneno."

"Maji yaliganda, mama. Baridi!"

"Maji yanaganda kwenye friji. Friji yenu iko jikoni."

"Ni wewe unayefunga bomba!"

"Sasa bomba linadondoka, nilitazame? Wewe mwenyewe umeniambia mji huu maji yanakatika wiki nzima. Nililifunga ili mkwe wangu asione napoteza maji yake. Nikakaza, akakata. Nikakaza zaidi, akakata tena. Nifanye nini kingine? Niyanywe?"

Ningeweza kueleza polepole. Mtu mwenye akili angeeleza polepole. Lakini usiku nilikuwa nimelala kwa muda wa saa mbili tu, taulo la moto liko tumboni, na hasira ya mama nimeirithi yote, hakubakiza. Nikasema, "Basi nenda!"

Neno likishatoka halirudi. Nililitamani lirudi, nikangoja yeye aanze, naye akaningoja mimi. Akanifunga tumbo kwa kanga, kwa ufundi uleule, akatoka. Dirishani nikamwona akishusha begi lake kutoka juu ya kabati la karavani.

Asubuhi iliyofuata baridi ilikuwa kali kuliko zote. Nilisimama mlango wa jikoni na mtoto kifuani, jambo ambalo mzazi haruhusiwi, nikimtazama mama kupitia dirisha la karavani, hatua chache tu, na kuta zake nyembamba hazifichi sauti. Alikuwa anataka kuosha vyombo aache mahali pasafi. Akafungua bomba. Kimya. Akalifunga tena, akaguna.

"Shikamoo, mama," ikasema sakafu.

"Marahaba," mama akajibu, maana shikamoo hujibiwa hata ikitoka kaburini. Kisha akaruka juu ya kitanda.

"Ni mimi, mama. Niko chini. Nayeyusha maji. Draya imekufa."

Mama alitazama sakafu muda mrefu. Niliona anashauriana na nafsi yake. Mila inakataza kutazamana na mkwe, lakini kuhusu sakafu haijasema kitu. Akashuka kitandani. Akashusha kanga puani.

"Una maji ya moto?" akauliza.

"Ninalo birika. Nimwage?"

"Usimwage! Unataka kupasua? Hata mzazi humwagii maji ya moto ghafla, utamuua. Inakandwa! Inaanziwa wapi?"

"Hapo kwenye bomba, halafu inashuka huku kwangu."

Mama akawasha gesi, akachemsha yale maji aliyokuwa ameyateka jioni kwa ajili yangu. Akachovya mataulo yangu, akakamua, akafungua kabati la chini ya sinki na kuanza kuikanda ile paipu kwa viganja, polepole, huku akiguna "haya, haya," kama anavyonigunia mimi. Pale paipu inapopita sakafuni pana tundu. Akasokomeza taulo la pili humo. Mkono ukalipokea kutoka chini.

"Mama, bomba liko wazi?"

"Nimelifunga, baba. Usiwe na wasiwasi."



"Mama, usifunge. Maji yakikaa yanalala. Yakilala, baridi inayakamata. Yakitembea, hayakamatwi."

Hakuna mhandisi angeieleza vizuri zaidi. Mama aliacha kukanda.

"Kwa hiyo ninayeyafunga ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe hukunifungia?"

"Hapana, mama."

"Mbona ulimwambia fundi ni wewe?"

"Niliona aibu kukusema."

Mama akakaa chini, palepale sakafuni, begi lake pembeni limeshafungwa zipu. Sikuona uso wake vizuri kwa mvuke uliokuwa umejaa kioo. Aliinama karibu na lile tundu, akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya mtu anayeomba.

"Baba, niambie kweli. Unataka niondoke?"

Mume wangu ana Kizulu cha kubembelezea, ana Kiingereza cha kuandikia barua za kazi. Kwenye Kiswahili ana alichoondoka nacho Morogoro tu.

"Usiende, mama," akasema. "Ukienda nitalia."

Mama alijifunika kanga uso mzima. Mabega yakaanza kutikisika, na sikujua anacheka au vipi, nadhani vyote viwili. Kisha akasimama, akafungua bomba mpaka mwisho. Likakohoa, likatema vipande vya barafu, na maji yakaanza kutoka, kwanza uzi, halafu yakajaa. Akalipunguza. Akatafuta ndoo akaiweka chini yake, maana kuacha maji yatembee amekubali, kuyaacha yapotee hakukubali, na nusu ya kutwa ile ndoo ilikuwa imejaa, akanikandia hayohayo.

Lakini hapo nimetangulia. Pale mlangoni nilikuwa nimesimama na mtoto, miguu imekufa ganzi. Kiswahili ndiyo lugha yangu ya kwanza. Naweza kugombana nacho, kutania, kusali, kumsuta jirani. Na kwa Kiswahili hicho chote, mama yangu aliposema anaondoka, nilimwambia aende.

Nikavuka ua na kandambili, nikapita miguu ya mume wangu iliyochomoza chini ya karavani, nikagonga. Mama akafungua. Macho yake mekundu.

"Wewe! Mzazi! Nani kakuambia utoke?"

"Mama," nikasema, "na mimi."

"Na wewe nini?"

"Na mimi nitalia."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Wewe mbona umeshaanza," akasema, akampokea mtoto, akanivuta ndani.