Sola ya Kaka na Jua la Nansio

Desemba 1997 kaka yangu aliondoka kisiwani kwetu Nansio na sola yake, na hakurudi tena akiwa hai.

Alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kwa kiinua mgongo chake alinunua sola iliyokwisha kutumika, akaifunga juu ya bati la nyumba yetu pale ufukweni, akawa anachaji betri za gari ambazo watu walizitumia kwa redio na taa. Mimi na wanawake wengine tulikuwa tunaanika dagaa mchangani, mbele ya nyumba hiyo hiyo. Jua moja lilitulisha wote.

Wateja walipomuuliza sola inafanyaje kazi, alikuwa na jibu lake. "Asubuhi inakunywa jua, jioni inatapika umeme."

"Fundi, ikinywa jua lote hilo hailewi?" mteja mmoja akamuuliza.

Wakati ule tulicheka.

Mwaka huo mvua za vuli hazikukoma. Mawingu yalikaa juu ya ziwa kutwa, na ule upepo wa alfajiri uliokuwa ukitukaushia dagaa kabla jua halijapanda ukapotea. Dagaa walioza mchangani, tukawauza kwa wafuga kuku. Betri nazo zilitoka kwa kaka zikiwa nusu, redio zikanyamaza katikati ya taarifa ya habari. Wateja wakaanza kusema anachota chaji yao na kuwapa wengine. Mmoja alikuja na kigoda, akakaa kutwa kuilinda betri yake chini ya mawingu.

Kisha wakaja wanawake wa dagaa, wakiongozwa na mama mmoja jirani, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi.

"Shikamoo, mama," kaka akamwamkia.

"Marahaba. Baba, hicho kioo chako kinakunywa jua. Si wewe mwenyewe unayesema?"

"Mama, ule ni utani. Redio imesema bahari huko mbali zimepata joto, ndiyo maana mvua zimezidi na pepo zimegeuka."

"Bahari ya wapi? Hapa ni ziwani."

"Wenye bahari wanaoga maji ya moto, sisi tunaoza," akadakia mmoja nyuma yake. Safari hii hakuna aliyecheka.

Walitaka sola ifunikwe. Kaka alikubali upesi, maana alijua haitaleta tofauti na alitaka waone kwa macho yao. Alipanda mwenyewe, akafunga turubai.

Siku iliyofuata jua likawaka.

Lilikuwa jua kali, la kuchoma nyayo. Tulianika kila tulichokuwa nacho. Hakuna aliyemtukana kaka. Walikuwa wakipita, wanatazama paa, kisha wanamtazama yeye. Naye alisimama uani akiliangalia lile turubai.

Kesho yake mvua ikarudi, turubai likiwa bado limefungwa. Nikamwonyesha yule mama.

"Nani anajua kama hakuifunua usiku?" akasema.

Baada ya hapo hakuna aliyeleta betri. Nikishuka ziwani kuchota maji, mazungumzo yalikatika. Kaka aliifungua sola, akaizungushia blanketi, akapanda meli kwenda Mwanza. Alipanga chumba Kirumba. Kwetu mvua iliendelea mpaka mwaka mpya ukaingia, na sola haikuwepo.

Malaria ilimkuta huko huko. Tulimleta nyumbani kumzika, na kaburi lilikuwa likijaa maji huku linachimbwa.

Yule mama alikuja msibani. Alilia sana. Niliutafuta uongo machoni mwake, sikuuona. Watu walipopungua akasogea, akanishika mkono.

"Mwanangu, ile sola iko wapi sasa?"

"Iko Kirumba, juu ya paa la mwenye nyumba wake."

Kisha akauliza kama imefunikwa.

Nikamwambia sijui.