Kucha za Marumaru

Kwanza yaelezwe mazingira, maana bila hayo upumbavu wetu utaonekana mdogo kuliko ulivyokuwa. Ulikuwa mwezi wa Julai, Olmotonyi, wakati ambapo Mlima Meru hujificha mawinguni kwa siku nyingi na ngozi ya yeyote asiyejipaka mafuta hupauka kama ukuta wa chokaa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alasiri hiyo binti wa kaka yangu alitakiwa kuwa ukumbini Kisongo kwa sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na huko, kama desturi inavyotaka, angewalisha wakwe zake watarajiwa keki kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, akianza na mama mkwe. Mama huyo alikuwa ametutembelea mara mbili, na mara zote mbili alimshika binti mkono akaugeuzageuza kama anayekagua ndizi sokoni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa nini kingetazamwa siku hiyo.

Binti angeweza kwenda saluni. Alikataa. Alikuwa ameona kwenye simu msichana mmoja mwenye sauti ya kubembeleza akidondosha rangi za kucha katika bakuli la maji, tone juu ya tone, akizichora kwa kijiti cha meno, kisha akizamisha kidole na kukitoa kikiwa na michirizi kama ya marumaru. Nilipaswa kutambua mara moja kwamba mtu anayetabasamu kiasi kile hafundishi kitu. Badala yake niliitazama video ile mara tatu, nikaandika hatua zake kwenye karatasi, nikajifanya msimamizi.

Wifi yangu, mama wa binti, alisimama mlangoni na kitambaa cha jikoni begani.

"Wifi, kazi hii umewahi kuifanya?"

"Nimeisoma."

"Haya. Hata mimi nimesoma habari za ndege."

Maji ya bomba letu hushuka kutoka mlimani, na mwezi huo huwa ya baridi ya kuuma meno. Rangi ilipoyagusa ilijikunja ikazama. Tukayachanganya na ya moto yaliyokuwa kwenye chupa ya chai mpaka yakawa vuguvugu, na kweli duara likatanda: bluu, nyeupe, bluu. Nakiri kwamba lilipendeza. Binti akazamisha vidole vinne, akavitoa, na kwa muda mfupi sana alikuwa na kucha za kifahari. Kisha akazigusa, na michoro yote ikateleza ikiwa mizima, kama utando wa juu ya maziwa yaliyochemka.

Maelekezo yalisema mafuta ya mgando yapakwe kwenye ngozi inayozunguka kucha, ili rangi isigande hapo. Lakini hakuna mwanamke wa miteremko hii anayejua kupaka mafuta kuzunguka kitu. Sisi huchota kwa vidole viwili na kusugua hadi kwenye viwiko. Mtoto asiyeng'aa ni aibu ya mama yake. Binti alikuwa amejipaka kwa uaminifu wote, kucha na kila kitu, nami niliyeshika karatasi ya maelekezo nilimtazama akifanya hivyo na nikaona ni sawa.

Tulifuta yote kwa asetoni mpaka kichupa kikakauka. Akanawa kwa sabuni ya mche.

"Safari hii bila mafuta kabisa," niliamuru, kwa ukali wa mtu anayesahihisha kosa la kwanza kwa kutenda la pili.

Rangi ilishika. Ilishika kucha, ilishika ngozi, ilishika hadi kwenye kiungo cha pili cha kila kidole, mikono yote miwili, kwa kuwa sikuona haja ya kujaribu kwanza kidole kimoja.

"Shangazi," binti alisema taratibu, "nimekuwa fundi rangi."

"Fundi rangi huvaa glavu," mama yake akajibu.

Duka la karibu lilikuwa na sabuni, chumvi na biskuti, si asetoni. Ndimu haikusaidia. Mafuta ya taa pengine yangesaidia, lakini ni nani angekula keki kutoka kwenye vidole vinavyonuka mafuta ya taa? Gari lilipofika, wifi alifungua sanduku lake akatoa glavu nyeupe za lesi alizofungia ndoa yeye mwenyewe. Zilimbana binti, lakini zilifika mahali pake.

Ukumbini, mama mkwe alizitazama glavu kabla ya kuitazama keki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, una vidonda?"

"Hapana, mama."

"Basi vua, tule."

Binti alinigeukia. Akavua. Mama mkwe aliitazama mikono ile ya bluu, kisha akamwita mhudumu na kuomba uma. Wakwe waliokuwa nyuma yake nao wakaomba uma. Siku hiyo binti hakumlisha mtu yeyote kwa mkono wake.