Jinsi Nilivyokuwa Namba Moja

Wakati wetu, sisi tuliosoma shule za msingi pale Eldoret, mtoto alijulikana kwa namba. Ukikutana na mama wa jirani dukani siku ya kufunga shule, hakuulizi habari za nyumbani. Anauliza umekuwa namba ngapi. Ukisema kumi na nane, anakuangalia kwa huruma, na kufikia jioni mtaa wetu wa Langas mzima unajua. Watoto wa siku hizi wakifanyiwa hivyo, tunaambiwa, wataumia moyo. Sisi tuliumia, tukanywa uji, tukarudi kucheza mchezo wa kati kwa mpira wa makaratasi.

Matokeo tulisomewa paredi, baridi ya asubuhi ikituuma magoti. Watatu wa kwanza waliitwa mbele wakapewa madaftari, na wengine wote wakaamriwa kupiga makofi ya kilo, yale ya pamoja kwa mpigo mmoja. Mimi nilikuwa namba mbili kila muhula, kama mtu aliyeajiriwa kazi hiyo. Namba moja alikuwa Wambui.

Tuliketi dawati moja, yeye upande wa dirisha. Kwenye mtihani alifunika karatasi yake kwa kiwiko, ameinama mwili mzima, kama mtu anayekinga sahani ya githeri isiingie vumbi. Nje ya mtihani hatukuachana. Tulichanga tukanunua hindi moja la kuchoma, na nusu ya Wambui ilikuwa kubwa siku zote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa hodari wa hesabu.

Mama yangu, aliyeachia masomo darasa la nne kule Siaya, aliisoma ripoti yangu kwa makini halafu akasema yale yale: "Akinyi, na huyo namba moja ana vichwa viwili?" Moyoni nilijibu kwamba naketi naye, nimeangalia vizuri, ana kimoja. Kwa sauti nilisema, "Hapana, Mama."

Mwisho wa darasa la sita mwalimu alitupa vipande vya karatasi ya manila tuandike malengo ya mwaka ujao. Wenzangu waliandika urubani na udaktari. Mimi niliandika: "Kumshinda Wambui." Wambui alikisoma kipande changu, akachukua kalamu, akaongeza chini: "Jaribu." Mwalimu akakibandika ukutani hivyo hivyo.

Halafu ukaja uchaguzi wa Disemba 2007. Matokeo yalipotangazwa tuliona moshi upande wa chini wa mtaa, na Baba akatufungia ndani. Tulipotoka, kulikuwa na nyumba zisizo na paa, na majirani ambao hakuna aliyetaka kuwataja. Sitaeleza mengi. Wa rika langu mnajua, na wadogo wetu wamewaona wazee wao wakinyamaza ghafla redio ikitaja siasa.

Kina Wambui walikimbilia uwanja wa maonyesho, kwenye mahema. Mama alipokwenda na akina mama wa kanisa kupeleka unga, nilimfuata. Nilimkuta Wambui kwenye foleni ya maji, amevaa sweta ya shule.

"Shule imefungua?" aliniuliza.

"Bado."

"Ikifungua uniwekee kiti changu. Na usisome sana bila mimi."

Shule ilifunguliwa kwa kuchelewa, madawati mengi yakiwa matupu. Niliweka mkoba wangu upande wa dirisha, na kila aliyetaka kukaa pale nilimwambia kuna mtu. Mwalimu aliniona akaniacha. Agizo la pili pia nililitii: sikusoma sana. Mtihani ulipokuja nilijikuta nimefunika karatasi kwa kiwiko, na upande ule hakukuwa na wa kuchungulia. Alama zangu zilishuka karibu kila somo. Nikawa namba moja.

Nilipigiwa makofi ya kilo na paredi iliyopungua. Kwenye ripoti mwalimu aliandika: "Umepanda. Dumisha bidii hiyo hiyo."

Mama aliisoma akiwa amesimama. Nilingoja aniulize habari ya vichwa. Alifika mwisho, akaikunja, akasema, "Kaa unywe chai." Hapo nililia, tena kwa sauti, kama mtoto aliyeshika mkia. Namba ile nilikuwa nimeitamani tangu darasa la kwanza, na sasa nilikuwa nimeipata kwa sababu rafiki yangu alifukuzwa kwao. Mama hakuninyamazisha. Alinimiminia chai, akakaa karibu nami mpaka nikamaliza kulia.

Wambui hakurudi. Tulisikia wamehamia upande wa Nakuru. Kiti chake hatimaye kilipewa msichana aliyetoka kijiji cha Ziwa, mpole sana, ambaye mahindi aliyagawanya sawasawa. Nilibaki namba moja mpaka darasa la nane. Kila mwaka tulipoambiwa tuandike malengo, niliandika lile lile, na walimu wakafikiri Wambui ni binamu yangu.

Sasa nina kijana wangu, yuko gredi ya nne. Wao hawapangwi kwa namba. Ripoti yake husema "anakaribia matarajio", na haisemi ya nani. Juzi nilishinda jikoni nikitengeneza sanamu ya kutishia ndege shambani, ambayo ni kazi yake ya shule, naye yuko kwenye kochi na simu yangu. Mwalimu amesifu ubunifu wa mtoto. Nakiri zile paredi nazikumbuka kwa mapenzi, magoti yenye baridi na yote, na mara nyingine natamani niulize namba, ulimi ukitaka kurudia mazoea yake ya zamani. Lakini siku ya kufunga shule, akiingia na ripoti mkononi, swali langu huwa lingine.

"Darasani mko wote?"

"Tuko wote, Mum. Si uliuliza tu hata last term?"

"Na yule anakaa karibu na dirisha?"

"Brayo? Eeh, yuko."

"Basi kaa unywe chai."