Nilimwambia asubiri aone mkia, akaua deer wa mwenye shamba na kunisingizia mimi

Wakuu, heshima kwenu.

Sitatia chumvi hata punje. Hasira niliyonayo inatosha.

Mimi ni Mtanzania wa kuzaliwa, sasa raia wa Australia, niko Sydney, napiga kazi warehouse moja Ingleburn. Kwenye ibada ya Kiswahili nilifahamiana na Mkenya mmoja, nurse, anakaa Quakers Hill. Nimwite Josphat. Tulishibana kwa sababu wote tunapenda kuwinda na wote tuna leseni. Ila bunduki ilikuwa moja, yangu.

Kuna mzee Mzungu ana shamba upande wa Goulburn. Ilinichukua mwaka mzima mpaka akaniamini niwinde kwake. Siku nilipoenda na Josphat alitupokea getini akatuonya: deer wa porini, fallow, pigeni, wanamaliza majani ya ng'ombe wangu. Lakini mti umeangukia fensi, red deer wangu wa kufuga wametoka. Hao msiguse.

Kwa asiyejua: deer ni jamii ya kulungu. Fallow ana mkia mrefu wenye mstari mweusi, hautulii, kila saa anaupunga. Red ni mkubwa zaidi, mkia mfupi, na matako yana rangi ya majani makavu. Ukiona kichwa tu, jike wa fallow na jike wa red watakuchanganya.

Nilimweleza Josphat haya yote njiani. Akacheka eti namfundisha kama mtoto wa nursery.

Asubuhi, ukungu bado haujainuka, tukaona jike kwenye vichaka. Kichwa na mabega tu. Zamu ilikuwa yake, bunduki anayo yeye.

"Subiri ageuke tuone mkia," nikamnong'oneza.

"Bro, deer ni deer."

Pah!

Tulipofika, wakuu, nikaangalia mkia kwanza. Mkia mfupi. Sikioni ana tag ya njano ya mifugo. Na pembeni ndama amesimama, analia, hataki kumwacha mama yake.

Mzee alifika na quad bike, ile pikipiki ya magurudumu manne. Kabla sijafungua mdomo, Josphat akasema, "He told me it was a fallow."

Mzee akaangalia bunduki. Anajua ni yangu. Nikajitetea, hakusikiliza.

"I trusted you, mate."

Akatuonyesha geti.

Kwenye gari nilimuuliza kwa nini. Akajibu bila hata aibu: "Bro, application yangu ya PR, ukaazi wa kudumu, bado iko ndani, sitaki shida na polisi. Wewe ni citizen, watakufanya nini?"

Yaani uraia wangu ndiyo ngao yake!

Wiki mbili baadaye nilirudi peke yangu kuomba radhi. Mzee hakutoka. Alikuja mkewe, akaongea nami geti likiwa limefungwa. Akasema ndama alikataa chupa ya maziwa, akafa siku ya tatu.

Nilichojifunza: usipoona mkia, toa kidole kwenye trigger. Na kabla ya kumjua mnyama, mjue kwanza unayewinda naye.

Nilidhani yameisha. Jana usiku Josphat kanitumia WhatsApp: "Bro, weekend tunawinda wapi?" Na ki-emoji cha kucheka.

Sijamjibu. Wakuu, ingekuwa wewe ungemjibu nini? Mwageni maoni. Wa "samehe saba mara sabini", naomba muanze kwa kuniambia yeye ameomba msamaha lini.