Chupa ya Hewa Safi

Siku ile haijanitoka mpaka leo, mwanangu, na ukome kucheka. Jana ulinisimulia kwamba umejaza fomu ya vipimo vya maji ya visima vya Mbezi Luis ukiwa umekaa nyumbani, eti nani atajua. Nimekasirika hata chai imenishinda.

Enzi za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa fundi mchanga wa maabara, nakaa Temeke kwa mama. Wakaja wataalamu na ndege ndogo kupima gesi za moshi wa mashamba yanayochomwa. Aliyenitafutia nafasi ni Mzee Shomari, fundi mkuu wetu. Aliwaambia, "Huyu binti namdhamini mimi." Kazi yenyewe ndogo: nafungua koki ya chupa ya chuma iliyonyonywa hewa yote, inavuta ya huko angani, nafunga, naandika. Chupa moja ilikuwa ijazwe juu ya bahari, penye hewa safi, ili moshi ulinganishwe nayo.

Basi nikatapika kiti cha nyuma cha ndege ile mpaka nyongo, Mzee Shomari yuko mbele na rubani, kelele za injini hazimruhusu kusikia! Bahari ikapita, chupa sijaigusa, na kusema nikaona haya. Jioni nikaibeba mpaka nyumbani, nikaifungulia uani, mama anakaanga samaki kwa mkaa, jirani anachoma taka. Nikaandika, "Hewa safi, juu ya bahari." Si hewa ni hewa tu? Mjinga mie!

Majibu yalipokuja, chupa ya bahari ilikuwa na moshi mwingi kuliko za kwenye moto wenyewe. Vipimo vya safari nzima vikatupwa. Mzee Shomari akaniita.

"Uliifungulia wapi?"

"Nyumbani, mzee."

"Ungeniambia umetapika, tungegeuza ndege."

 Wataalamu wakamtoa yeye kwenye ndege, kwa kuwa ndiye aliyenidhamini, naye kabla ya kushuka akaniombea nisifukuzwe. Kila tuliporuka nilimwona chini uwanjani, amesimama na karatasi zake, na mie nimekalia kiti chake. Najichukia kwa hilo hadi leo.

Sasa nisikilize. Usichokipima usikiandike. Ukishindwa, sema siku ileile, hata kama ni aibu. Watu watakunywa maji yale wakiamini karatasi yako. Kesho asubuhi rudi visimani, kisima kwa kisima, halafu nenda kwa mkuu wako ukamwambie ulichofanya. Na ujue barua ya kukuombea kazi hiyo niliiandika mie, kwa mkono wangu.

Mungu akupe moyo wa kusema "sijapima", mwanangu. Nenda salama.